Wimbo wa Mwanafunzi

Asubuhi ya Pasaka hapa Buzuruga wimbo "Mfurahini, Haleluya" hauhitaji kitabu. Wazee wanaujua, na watoto wa shule ya Jumapili wanaujua. Wengi hudhani umekuwapo tangu enzi za wamisionari. Sivyo. Bernard Kyamanywa aliutunga mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Arusha.

Tuupime wimbo wenyewe. Beti zake hazifafanui fundisho, zinasimulia. Tunafika kaburini, tunamsikia malaika akisema na wanawake, kisha tunatumwa kupeleka habari. Kiitikio kinampa nafasi kila mtu, hata asiyejua kusoma. Tuni ni ya kwetu, lakini maneno hayakuiacha Injili hata hatua moja. Uzuri wake uko hapo: sauti mpya, ujumbe ule ule.

Siku zile nyimbo nyingi za ibada zetu zilikuwa tafsiri kutoka Ulaya, na wako waliosikia katika tuni za kienyeji mambo waliyoyaacha walipobatizwa. Mwanafunzi yule alithubutu. Chuo nacho kilithubutu pamoja naye, kwa maana mwalimu Howard Olson alikuwa akikusanya tuni za Kiafrika kwa ajili ya nyimbo za Kikristo. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutia wimbo huo maneno ya Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Waliotuletea nyimbo sasa wanaimba wa kwetu.

Ninalo neno la kukosoa, nalo halimhusu mtunzi. Linatuhusu sisi. Wimbo uliozaliwa kwa kuthubutu tumeugeuza kuwa ukuta. Kijana akirudi kutoka chuoni na tuni mpya, tunamwambia, "Nyimbo zetu zinatutosha." Na vyuoni, anayerudisha maneno ya mwalimu kama alivyopewa hupata alama bila shida, anayejaribu lake huambiwa asubiri kwanza abarikiwe. Mtumwa wa tatu katika Mathayo 25 hakuiba talanta. Aliifukia kwa hofu.

Si kila jaribio litafaa. Lipimwe kwa Neno, lisahihishwe, na mengine yaachwe. Lakini kwanza lisikilizwe. Pasaka ijayo, tukimaliza kuuimba wimbo wa Kyamanywa, tuwape vijana wetu nafasi ya wimbo mmoja ambao hatujausikia bado.