Joto la Kutosha

Kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale Lurambi mjini Kakamega, anaposajili masomo kwa simu, jibu humfikia mkononi, lakini umeme uliofanya kazi hiyo huishia nyuma ya kabati la chuma, hewani, ukiwa joto, na lazima fundi aliondoe. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Kazi yake ikienda vizuri hakuna anayeiona. Ikiharibika, hulaumiwa yeye kabla ya kiyoyozi.

Mtu angedhani Lurambi pamemrahisishia kazi. Mji wa Kakamega uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ni tele, na asubuhi nyingi watu hutoka na sweta. Mgeni kutoka Mombasa atauliza kiyoyozi ni cha nini. Ila hewa ya huku ni nyepesi. Kwa mwinuko huu uzito wake umepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na kinachobeba joto ni uzito huo. Feni mbili zikizunguka kwa kasi moja, ya Mombasa husomba joto zaidi kuliko ya Kakamega, hewa ikiwa na nyuzi zilezile. Ndiyo maana watengenezaji hushusha kiwango cha joto wanachoruhusu kadiri seva inavyopelekwa nyanda za juu.

Mbabaishaji atazizungusha feni kwa nguvu zote, alale. Fundi anajua gharama yake: umeme unaoliwa na feni hupanda kwa mchemraba wa kasi. Punguza kasi kwa asilimia 20 tu, nao umeme unashuka hadi karibu nusu. Ikate kasi kwa nusu, unabaki na moja ya nane. Mbona basi asizipunguze hadi zinyamaze? Kwa sababu chipu ikishika joto huvujisha umeme zaidi hata ikiwa haina kazi, na ikifika kikomo hujipunguzia mwendo yenyewe, mwanafunzi akabaki kukodolea macho skrini isiyofunguka. Kati ya feni zinazopayuka na chipu inayochemka pana bonde ambamo jumla ya umeme ni ndogo kuliko kwingine kote. Bonde hilo huhama: kwa mzigo wa kazi, kwa saa ya siku, kwa vumbi lililoganda kwenye mapezi ya alumini yanayopoza chipu. Kulifuata linakohamia ndio ufundi wenyewe.

Mtazame akiwasha seva. Feni za milimita 40 huanza na kilio chembamba kinachopenya mlango, kisha vihisi husomwa na kilio kinashuka. Yeye husubiri kishuke. Kikichelewa, anajua kuna kasoro kabla hajagusa kibodi. Halafu hupitisha kiganja mbele ya kabati, upande ambao hewa inapaswa kuingia ikiwa baridi, akitafuta pumzi ya moto inayorudi kinyemela kupitia nafasi zisizo na mashine. Akiipata huziba nafasi hiyo kwa bamba la plastiki. Bamba hilo la bei ndogo nalistahi kuliko kiyoyozi cha pili, ambacho ndicho wakubwa hukimbilia kununua.

Wakubwa haohao hutaka chumba kiwe baridi kama bucha. Tangu 2008, chama cha wahandisi cha ASHRAE kimependekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27; kwingi watu wameng'ang'ania 18 kana kwamba 27 haikuandikwa. Mwaka huohuo Intel ilitangaza matokeo ya jaribio la miezi 10 huko New Mexico, Marekani: seva 900 hivi, nusu yake zikipozwa kwa hewa ya nje pamoja na vumbi lake, na uharibifu haukupanda kwa kiasi kikubwa. Sisemi tufungue madirisha. New Mexico ni kukavu, na Kakamega mvua ikinyesha hewa huloa.

Mvua hiyo mara nyingi huja alasiri na radi, na stima hupotea. Betri za akiba hushika seva palepale, lakini kwa kawaida haziwezi kubeba kiyoyozi. Hicho hungoja jenereta. Kwa dakika hizo mashine zinaendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa, na kupandisha kasi ya feni ni kuzungusha hewa ileile ya moto huku betri ikiisha. Fundi hushika prosesa badala yake: anashusha mwendo wake, volteji nayo inashuka, joto linapungua kutoka kwenye chanzo. Anaahirisha kunakili data, anazima seva za majaribio, kisha ile ya video za mihadhara. Usajili anauacha uendelee, polepole, maana leo ndiyo siku ya mwisho.