Kiimbo Bila Maneno: Pingu na Clangers Walivyosemeshwa

Mwonyeshe mtoto wa chekechea katuni isiyo na neno la lugha yoyote, na kabla haijaisha atakuwa ameshakueleza nani kamkasirikia nani na nani aombe radhi. Wazazi wengi husema ni akili ya mtoto. Akili anayo, lakini nyuma yake kuna mafundi waliokaa wakahesabu kila mguno.

Tuanze na Pingu, pengwini wa udongo wa kuchezea aliyebuniwa Uswisi na Otmar Gutmann. Filamu ya majaribio ilitengenezwa 1986, na mfululizo ukaanza kuonyeshwa 1990, kila kipindi kikiwa cha kama dakika tano. Baba, mama, babu, Pinga mdogo, Robby yule sili: sauti zao wote kwenye vipindi vya awali alizitoa mtu mmoja, Carlo Bonomi, mchekeshaji wa Milano. Hakupewa mazungumzo yaliyoandikwa. Alikuwa na lugha yake ya kubuni, aliyokwisha kuitumia kwenye La Linea ya Osvaldo Cavandoli, ile katuni ya mtu mwenye hasira anayetembea juu ya mstari mmoja mweupe.

Msikilize kwa makini utagundua habwabwaji ovyo. Maneno ameyatupa, ila kila kinachoyabeba amekiacha mahali pake. Swali linapanda mwishoni. Karipio la mama ni fupi na lina mapigo sawasawa. Uongo wa Pingu unaanza kwa kasi kisha unapungua, hasa pale anapoona hauaminiki. Watu wanapokezana zamu, wanakatizana, wananuna. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu lugha yetu humfanya ategemee kiimbo tangu mapema: “umekula” ya kutaarifu na “umekula?” ya kuuliza hazitofautiani hata herufi moja. Sikio lake limezoea kutafuta maana kwenye mwinuko wa sauti.

Udongo nao ulifanya kazi ambayo maneno yangeifanya. Mdomo wa Pingu haukuhitaji kulinganishwa na silabi yoyote, basi watengenezaji wakautumia kwa mambo makubwa zaidi. Akighadhibika unarefuka na kupanuka kama tarumbeta, ukitoa ule mlio wa “nuut nuut” ambao mpwa wangu wa miaka minne sasa anautumia kumjibu mama yake akiitwa kuoga. Aibu inamkunja mwili mzima. Na kazi hii haikuwa rahisi. Kwa kasi ya televisheni ya Ulaya, picha 25 kwa sekunde, dakika tano ni picha 7,500. Hata kila mkao ukipigwa mara mbili, bado kuna mikao 3,750 ya kufinyangwa kwa vidole. Fundi mwenye mzigo huo hawezi kuruhusu tendo lisilo na sababu, ndiyo maana hadithi za Pingu zimebanwa hivyo: wivu mmoja, kosa moja, suluhu moja.

Uingereza walipita njia nyingine kabisa. Clangers, viumbe wa rangi ya waridi waliofumwa kwa sufu na Joan Firmin, walianza kuonekana BBC mwaka 1969. Peter Firmin alitengeneza sanaa, Oliver Postgate akaandika na kupiga picha, kwenye banda la shamba huko Kent. Postgate hakubuni lugha. Aliandika mazungumzo kamili kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kisha yeye na Stephen Sylvester wakayapuliza kwa filimbi zenye kijiti cha kuvuta na kusukuma, ambazo sauti zake huteleza juu na chini bila kukatika. BBC walipopitia muswada walilalamikia ukali wa maneno ya Clanger mmoja aliyekasirishwa na mlango uliokwama. Maneno ambayo yangesikika kama filimbi tu! Postgate hakuyaondoa.

Matokeo ya njia hizi mbili yanasikika. Usemi wa Clangers una urefu wa sentensi halisi, una kusita na kumalizia; wa Pingu ni wa milipuko mifupi. Postgate alipenda kusimulia kwamba aliwahi kuwaonyesha watazamaji huko Ujerumani kipindi bila msimulizi, baadhi wakamwambia viumbe hao wanasema Kijerumani safi, ila mmoja akashikilia kwamba ni Kiswidi. Naiamini hadithi hiyo. Mbele ya mpwa wangu wanasema Kiswahili.

Hapa ndipo faida yenyewe ilipo kwa mzazi. Wengi wetu tulizijua filamu za Hong Kong kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video, msimulizi Lufufu akitusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kenya wana DJ Afro kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto mbele ya Pingu anashika kipaza sauti hicho hicho, na bora zaidi, hakuna anayeshindana naye. Akili and Me, katuni nzuri ya Ubongo ya hapa Tanzania, humfundisha herufi na namba kwa maneno na nyimbo, na hilo linahitajika. Lakini humo nafasi ya kusema imeshajazwa. Kwa Pingu imeachwa wazi makusudi, na mtu mzima anayekimbilia kueleza kila kitu anaifunga. Kwa Clangers ni vigumu kidogo, maana juu ya filimbi kuna msimulizi wa Kiingereza, na ukizima sauti unapoteza filimbi na muziki wa Vernon Elliott pia. Mimi huacha sauti chini, tukabishana.

Mbinu hii ya kuacha maneno ina upande wake mbaya, na Gutmann aliugusa kwenye kipindi cha ndoto ya Pingu. Kitanda kinapata uhai na kutembea, kisha anatokea walarasi mkubwa kupita kiasi, mwenye meno, anayecheka. Kimewatisha watoto wengi sana. Kwenye katuni ya maneno mama angesema mara moja kwamba ni ndoto tu. Pengwini hana sentensi hiyo. Ana mguno na kumbatio, navyo vinafika mwishoni, hofu ikiwa imeshaingia.

Mwaka 2017 Wajapani walimrudisha Pingu kwa kompyuta, akihamia mjini. Ni safi mno kwa macho yangu: hakuna alama ya kidole shingoni, na mdomo unarefuka bila uzito wowote. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ningetafuta vipindi vile vya udongo, vya Bonomi, nianze na kuzaliwa kwa Pinga hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Cha walarasi ningekiacha hadi aweze kunisimulia ndoto zake mwenyewe.