Faru Yuko Mbali: Darubini Ipi ya Kwenda Nayo Ngorongoro?

Sakafu ya Kreta ya Ngorongoro ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, na magari ya watalii hayaruhusiwi kuacha barabara. Faru weusi hawana habari na barabara hizo. Mara nyingi mgeni huoneshwa doa jeusi nyasini, akaambiwa ndiye, na hapo ndipo thamani ya darubini aliyoinunua hujulikana.

Wanunuzi wengi huuliza jambo moja tu: inavuta mara ngapi? Tupige hesabu. Faru aliye mita 1,600, kwa darubini ya mara 8 huonekana kana kwamba yuko mita 200. Kwa ya mara 10, mita 160. Kwa zote mbili utamtofautisha na nyati. Lakini kwa ile ya mara 10 mtetemo wa mkono nao umekuzwa zaidi, na eneo unaloliona limepungua: kwa umbali wa mita 1,000, darubini nyingi za mara 8 huonesha upana wa mita 130 hivi, za mara 10 kama mita 110. Asiye na mazoezi, akiwa amesimama garini na wenzake wanasogeasogea, humtafuta mnyama hadi mnyama akaondoka.

Mimi naanza na namba ya pili. Katika 8x42, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe kwa 8, unapata 5.25, ambao ndio upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni. Mchana mkali mboni hujibana hadi milimita 2 au 3. Gizani mboni ya kijana yaweza kufikia 7, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Darubini ya mfukoni ya 8x25 hutoa milimita 3 tu. Saa saba mchana inatosha kabisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umetanda na fisi ndio kwanza wanarudi mashimoni, itakuonesha vivuli. Lenzi ya 42 hukusanya mwanga karibu mara tatu ya lenzi ya 25, na alfajiri ndiyo saa tuliyoamkia!

Darubini kubwa za jicho moja, zinazovuta mara 20 hadi 60, zina kazi yake: kuwatazama heroe ziwani ukiwa umesimama ardhini na stendi ya miguu mitatu. Ndani ya gari stendi hiyo haisaidii, maana kila abiria akigeuka picha inaruka. Afadhali mfuko mdogo wa maharage juu ya ukingo wa paa, injini ikiwa imezimwa. Na ukivuta mara 60 kwa lenzi ya milimita 65, mwanga unaotoka una upana wa milimita 1 tu. Adhuhuri, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini huyumbisha picha, na kukuza zaidi ni kuukuza huo uyumbaji.

Ziepuke zile zenye lenzi nyekundu zinazong'aa madukani. Rangi ile ni mwanga mwekundu unaorudishwa nje badala ya kukufikia machoni.

Kwa safari moja au mbili za mbugani, nunua 8x42. Mwongoza watalii mwenye mkono uliozoea anaweza kuchukua 10x42. Kabla ya kulipa, toka nayo nje ya duka, tazama kitu kilicho mbali kivulini kwa dakika chache. Ukiona picha mbili, au macho yakianza kuuma, mitungi yake miwili haielekei mahali pamoja. Irudishe, omba nyingine.