Mlango Mmoja wa Dola

Bado wapo wanaodai kwamba Marekani ilimwangusha Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwa kuigomea kahawa ya nchi yake. Sikubaliani nao. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na jeshi la Tanzania likisaidiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Hata hivyo, namna vikwazo vile vilivyopangwa inastahili kuchambuliwa.

Fuata fedha. Mkulima wa Masaka alilipwa shilingi zilizozidi kupoteza thamani. Coffee Marketing Board ikauza nje kwa dola. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipaa, na kahawa ikawa karibu chanzo pekee cha fedha za kigeni. Dola hizo hazikurudi Masaka. Zilinunua wiski na anasa nyingine zilizopakiwa ndegeni Stansted, Uingereza, na kushushwa Entebbe kwa ajili ya wanajeshi. Hivyo ndivyo utii wao ulivyonunuliwa. Kwa hiyo hoja kwamba vikwazo vingemuumiza mwananchi ilikuwa dhaifu hapa: wakulima wa mashariki walikuwa wameshaanza kuvusha magunia kwa magendo hadi Chepkube, Kenya.

Serikali ya Rais Carter wa Marekani haikutaka vikwazo. Mbunge Don Pease na wenzake wakakipachika kipengele chao cha kuizuia kahawa ya Uganda kwenye muswada wa fedha za IMF ambao serikali hiyo iliuhitaji, naye Carter akausaini tarehe 10 Oktoba 1978. Soko hilo la Marekani lililofungwa lilikuwa likinunua takriban theluthi ya kahawa yetu.

Kwa Uganda, mlango wenyewe wa dola ulibanwa; vikwazo vya Iraq ni kinyume chake. Fedha za mafuta yaliyouzwa ili kununua chakula na dawa zilipita kwenye akaunti ya Umoja wa Mataifa, lakini Saddam Hussein aliachiwa kuchagua wanunuzi na wauzaji. Hapo ndipo hongo ilipopenya: ripoti ya uchunguzi ya Paul Volcker ya 2005 ilitaja takriban dola bilioni 1.8.

Propaganda ya Amin nayo ipimwe kwa tarehe. Aliwalaumu mabeberu kwa uhaba, ilhali uzalishaji wa sukari Kakira na Lugazi uliporomoka baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, miaka sita kabla ya vikwazo. Dai kwamba Marekani ndiyo iliyomwangusha lina kasoro hiyohiyo ya tarehe. Wiki chache tu baada ya saini ya Carter, majeshi ya Amin yalikuwa yameshavamia Kagera, Tanzania, na fedha za mafuta ya Libya zilikuwa bado upande wake. Vikwazo vilimbana, lakini aliyemng'oa ni Rais Nyerere wa Tanzania.