Nimeokoka: Sarufi ya Ushuhuda wa Uamsho

Mama mmoja anasimama katika ushirika wa Jumanne jioni, ncha ya khanga ameikunja mkononi. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Anataja jina lake, anasema ameokoka, kisha anaeleza kwamba mwezi uliopita alitia maji kwenye maziwa aliyomuuzia jirani yake, lita tatu. Jirani mwenyewe ameketi benchi la pili. Juzi alikwenda kwake, akamwomba msamaha, akamrudishia pesa. Basi. Anaketi, na kabla hajatulia watu wameshapokea wimbo wa Tukutendereza Yesu.

Nimekua nikisikia shuhuda za namna hiyo, na kwa miaka mingi nilizipokea kama mambo ya imani tu. Siku hizi nazisikiliza pia kwa sikio la mhakiki, na naona kwamba ushuhuda ni utanzu kamili wa fasihi simulizi. Una mianzo yake, una nyakati zake za vitenzi, una hadhira yenye zamu yake ya kusema. Unastahili kusomwa kwa umakini ule ule tunaoupa utenzi.

Wakristo wa kiinjilisti walikuwa na mazoea haya ya kushuhudia tangu zamani. Mhubiri John Wesley, alipoeleza jinsi moyo wake ulivyopata joto katika mtaa wa Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738, alitaja hata saa: yapata saa tatu kasorobo usiku. Huku kwetu utanzu ulipata sura yake katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mwishoni mwa 1933, katika mkutano pale Gahini, mtu mmoja alisimama akaanza kuungama. Akafuata mwingine, na wengine, kwa zaidi ya saa mbili. Kutoka hapo Uamsho ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Tulitazame neno lenyewe: nimeokoka. Mzizi ni okoa, na kile kiambishi cha k ni kile kile cha kikombe kuvunjika na mlango kufunguka. Tendo limetendeka, mtendaji hatajwi. Angeweza kusema "nimeokolewa," ambapo sikio lingesubiri "na nani." Linashangaza jambo hili, kwa sababu imani hii inasisitiza kuliko nyingine kwamba mtu hajiokoi. Mbona basi imechagua kitenzi kisicho na mwokozi ndani yake? Jibu liko kwenye salamu. Mwokozi ameshatajwa kabla ushuhuda haujaanza, na ukumbi mzima umemwitikia. Kitenzi kinaweza kunyamaza kwa kuwa salamu imesema. Ondoa salamu, na neno "nimeokoka" linaanza kunuka majivuno. Ndivyo linavyosikika mara nyingi barabarani, likiwa peke yake. Luganda nacho kimejengwa hivyo hivyo: okulokoka, na la mzizi huo huo ni Balokole, jina ambalo watu waliwapa wandugu wa Uamsho, mara nyingi kwa dhihaka.

Kisha nyakati. Ushuhuda huanza na -li-: nilikuwa mlevi, niliiba, nilimchukia mke mwenzangu. Humalizika na -me-, hali ambayo ipo hata sasa. Lakini kazi nzito hufanywa katikati, na -ka-: nikaenda, nikabisha hodi, nikamwambia, nikalipa. Kila -ka- ni hatua ya mguu, na kila hatua ina gharama. Katika Uamsho watu walilipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba, na ndiyo maana shuhuda zao zilijaa vitu vyenye majina na vipimo. Usahihi ambao Wesley aliuweka kwenye saa, wandugu waliuweka kwenye lita na shilingi.

Halafu hadhira. Mshuhudiaji husema kwa ni-. Wimbo wa Luganda, Tukutendereza, humjibu kwa tu-: tunakusifu. Hata asiyejua Luganda, kule Dodoma au Murang'a, huimba jibu hilo la wingi bila kutafsiriwa. Na jibu si wimbo peke yake. Katika ushirika wa wandugu, waliouita kutembea nuruni, mtu aliyeonekana kujisifu angeweza kuulizwa palepale, na ndugu zake wangemwambia kwamba bado hajavunjika. Utanzu huu ulimpa msikilizaji haki ya kuhakiki.

Haikuwa fani ya upole. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Ukiangalia kwa undani, ugomvi ulihusu nani ana ruhusa ya kusimama na kusema. Nyumbani nako wazee walikasirika: mambo ya chumbani yatangazwaje mbele ya wakwe?

Mgongano mkubwa zaidi ulikuja Kenya wakati wa Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Hapo tanzu mbili zilikabiliana. Kiapo cha Mau Mau kiliapwa kwa siri, na muundo wake ulikuwa wa sharti: ukifanya hivi, yakupate haya. Kilitazama mbele na kumfunga mtu kwa ndugu wa damu na ardhi. Ushuhuda ulitolewa hadharani, ukatazama nyuma na kumfungua mtu. Wengi wa wandugu walikataa kiapo, na wako waliouawa kwa kukataa. Wengi walikataa pia bunduki za serikali. Ushujaa huo nauheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo, ushuhuda ulijua kutaja ng'ombe aliyeibwa na jirani, haukujua kutaja ardhi iliyochukuliwa na dola.

Hapa ndipo fani inapoonyesha mpaka wake. Katika miaka ile ile ya 1930 watu wa Gahini walipokuwa wakiungama, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukigawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Muumini aliweza kuungama chuki ya moyo wake, na Wahutu na Watutsi walikumbatiana kweli. Ila nafsi ya kwanza umoja haikuwa na mahali pa kukiweka kile kitambulisho, kwa sababu hakikuwa dhambi ya mtu mmoja. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, kitambulisho hicho kilitumika vizuizini kuchagua nani auawe, na makanisa ya madhehebu mbalimbali yakawa mahali pa mauaji.

Je, fani ingeweza kupanuka? Mara moja ilipanuka. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua. Janani Luwum, Askofu Mkuu, aliyeokoka mwaka 1948, na Festo Kivengere, wote wana wa Uamsho, walikuwa miongoni mwao. Barua inataja kitu kimoja, kama ushuhuda ufanyavyo: bunduki iliyosukumwa tumboni mwa Askofu Mkuu wakati nyumba yake ilipopekuliwa. Kisha inasema bunduki hiyo imeelekezwa kwa kila Mkristo. Kitu ni kimoja, waliolengwa ni wote. Ni- imekuwa tu- ndani ya ushuhuda wenyewe, haikusubiri wimbo. Luwum aliuawa tarehe 16 ya mwezi huo.

Siku hizi ushuhuda mwingi hutolewa jukwaani, mbele ya kamera. Nilikuwa hivi, sasa nimekuwa hivi: gari, viza, kiwanja. -li- ipo na -me- ipo, ile -ka- imetoweka, na kitu kinachotajwa ni kile alichopata, si kile alichorudisha. Hadhira haina zamu zaidi ya kupiga makofi. Mimi naona huo ni utanzu mwingine uliochukua jina la zamani.

Wachungaji, nawaomba: mpeni mama wa maziwa dakika zake mbili. Akimaliza, mgeukieni jirani yake wa benchi la pili, naye aseme kama pesa imefika.