Mifumo Ipi Iitwe Mikuu? Tahakiki ya Sifa Mbili katika Habari za Programu Huria

Katika habari za kompyuta kuna mabishano yasiyokwisha: katika mifumo endeshi huria ya kompyuta za mezani, ipi yastahili kuitwa mikuu, na ipi yastahili kuitwa maarufu? Kila mwaka hutungwa orodha mpya. Mtu mmoja huandika majina matano, wa pili saba, wa tatu kumi. Kisha hutokea wa nne akalalamika kwamba mfumo wake umeachwa, na wa tano akataka mmoja wa mifumo iliyotajwa ufutwe. Kwa desturi mabishano hayo huachiwa mafundi. Walakini ayatazamaye kwa makini ataona kuwa wabishi hawagombani juu ya mashine hata kidogo. Wagombana juu ya sifa mbili za lugha, na kila mmoja azitumia kwa maana yake.

Jambo hili si la upuuzi. Wafasiri wa Kiswahili walio tayari kufanya kazi ya programu bila ujira ni wachache sana, na mifumo ni mamia. Hapana budi mtu achague ni upi utakaopewa jasho lao. Akichagua kwa kufuata sifa asiyoielewa, kazi ya miaka yaweza kupotea.

Yafaa kitu chenyewe kielezwe kwa ufupi. Mfumo endeshi ni programu ile inayoamuru kompyuta yote, na ambayo programu nyingine hukaa juu yake. Mfumo huwa huria pindi msimbo wake uwapo wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza kazi ya GNU huko Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini kiitwacho Linux. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, basi watu walikusanya kiini na programu za GNU na nyinginezo wakafanya mikusanyo iliyo tayari kutumika: Slackware na Debian mwaka 1993, Fedora mwaka 2003, Ubuntu mwaka 2004, Linux Mint mwaka 2006, na mingine mingi. Ipo pia mifumo huria isiyotumia Linux kabisa, kama FreeBSD ya mwaka 1993, na watunga orodha huisahau kana kwamba haikuzaliwa.

Sasa maneno. Kiswahili hutenga *kubwa* na *kuu* kwa uangalifu ambao watunga orodha wangefaidika nao. *Kubwa* ni kipimo cha umbo au wingi. *Kuu* ni kipimo cha daraja na utegemezi. Barabara kubwa ni pana, lakini barabara kuu ni ile ambayo nyingine hutoka kwayo na kurudi kwayo, hata ikiwa nyembamba. Makao makuu yaweza kuwa chumba kimoja. Ama *maarufu* na *mashuhuri*, yote mawili yametoka katika Kiarabu, nayo hayapimi kitu kilivyo bali habari zake zilivyoenea: la kwanza ni kujulikana, la pili ni kutangaa. Hapana hata moja katika maneno hayo lisemalo kwamba kitu *chatumiwa* na wengi. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno jingine, nalo ni *kuenea*. Kwa hiyo mtu asemaye kuwa mfumo fulani ni maarufu kwa sababu watumwao wengi wautumia amechanganya mambo mawili katika sentensi moja.

Vipimo navyo vyaonyesha mchanganyiko huohuo. Tovuti ya DistroWatch, iliyoanza mwaka 2001, hutoa ngazi ambayo wabishi wengi huishika kama msahafu. Lakini ngazi hiyo huhesabu mara ngapi ukurasa wa kila mfumo umefunguliwa katika tovuti hiyo, na wenyewe wenye tovuti huonya kwamba si hesabu ya watumiaji. Kwa miaka kadhaa tangu 2019 mfumo wa MX Linux ulikaa kileleni. Wala hapana mtu mwenye akili aliyedai kwamba ulikuwa na watumiaji kuliko Ubuntu. Hicho ni kipimo cha udadisi. Debian nao wanayo hesabu yao, nayo hutegemea mwenye kompyuta akubali kwa hiari kutuma habari za mashine yake; aliyekataa, au asiye na intaneti, hahesabiwi. Kampuni ya StatCounter huhesabu vivinjari vinavyozuru tovuti, na kwa hesabu yake mwaka 2024 Linux ilifika kiasi cha 4 kwa mia ya kompyuta za mezani duniani. Hesabu hiyo huiweka mikusanyo yote ya Linux katika kapu moja, hata isiweze kuamua shauri kati ya mmoja na mwenziwe.

Kwamba sifa na uzito ni vitu mbalimbali, watu wa kusini mwa Tanzania hawahitaji kufundishwa na kompyuta. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga, nao ulikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Jina lake likatajwa katika magazeti na katika Bunge la London. Reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kumeza kama pauni milioni 36, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Nachingwea ilikuwa mashuhuri kwa eka zilizokusudiwa, si kwa gunia zilizovunwa. Anayehesabu mfumo kwa mara ulivyotazamwa au kupakuliwa ahesabu eka zilizokusudiwa.

Na kosa la kinyume chake lipo papo hapo. Msomaji na awaze Mtua, katika nchi hiyo ya Nachingwea na Ruangwa, na mwalimu mwenye kompyuta kumi kuukuu zilizotolewa na wafadhili. Windows iliyokuja nazo imezeeka, na kununua mpya ni gharama. Rafiki yake wa Lindi ampa mfumo mmoja huria katika flashi. Mwalimu autia katika kompyuta zote kumi, na wanafunzi wazitumia miaka minne bila kuunganishwa na intaneti hata siku moja. Katika hesabu za dunia mfumo huo umepakuliwa mara moja, na kompyuta kumi za Mtua hazipo. Hayo si mambo ya kuwazia tu: tangu mwaka 2004 hata 2011 wenye Ubuntu walikuwa wakipeleka sahani za mfumo wao kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeziomba mahali popote duniani, na sahani moja ilitosha kompyuta nyingi kadiri mkono ulivyoweza kuifikisha. Uenezi wa namna hiyo haukuacha alama katika kitabu cha mtu.

Wanaisimu wa Tanzania waijua taabu hii kwa jina jingine. Tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haikuuliza tena watu kabila lao, na kwa sababu hiyo idadi ya wasemaji wa Kimwera, Kimakonde au Kiyao imekuwa ya makadirio, hata katika atlasi ya Mradi wa Lugha za Tanzania iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009. Hata hivyo hapana mwanaisimu aliyekata tamaa ya kusema neno la maana juu ya lugha hizo. Zipo njia nyingine za kupima uzito wa lugha kuliko vichwa.

Na njia iliyo bora yaonekana katika historia ya Kiswahili chenyewe. Katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ilikuwa shauri kati ya Kimvita na Kiunguja. Kama umashuhuri ndio ungalikuwa kipimo, Kimvita kingalikuwa na hoja nzito, maana ushairi wake ulikuwa umetukuka kwa vizazi. Kiunguja kikachaguliwa, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikakishughulikia. Wako wanaonung'unika mpaka leo, nao hawakosi haki. Lakini kilichokifanya Kiunguja kuwa kikuu hasa si kura ile, wala si wingi wa waliozaliwa nacho, waliokuwa wachache. Ni kwamba vitabu vya shule, kamusi na magazeti yalitungwa juu yake, na kila kilichotungwa baadaye kikayategemea yale yaliyotangulia. Ukuu ni idadi ya vitu vitakavyoanguka kitu kimoja kikiondolewa.

Kwa kipimo hicho orodha hubadilika sura. Debian hautajwi sana na mtu wa kawaida, lakini Ubuntu umetoka kwake, na Mint umetoka kwa Ubuntu. Ukiondoa Debian leo, wengi wa waliomo katika orodha watabaki bila nyumba. Wenye Mint walilitambua hilo: tangu mwaka 2010 wanao mkusanyo wa pili uliojengwa juu ya Debian moja kwa moja, uwe akiba kama Ubuntu ingetoweka. Mwenye umaarufu ameweka njia ya kurudi kwa mkuu wake. Fedora ni mkuu kwa sababu ya namna hiyo, maana mfumo ambao kampuni ya Red Hat huwauzia wenye mashirika hutokana nao. Slackware ulikuwa mkuu zamani, na SUSE wa Ujerumani ulianza kwa kuutegemea. Sasa ni mzee mwenye heshima na wajukuu wachache. Arch, ulioanza mwaka 2002, ulikuwa mfumo wa mafundi wachache wenye kujivuna, kisha ukazaa Manjaro, na mwaka 2022 kampuni ya Valve ikaujengea juu yake mfumo wa mashine yake ya michezo. Basi ukuu si cheo cha milele. FreeBSD ni mkuu katika ukoo wake, ingawa katika meza za watu ni nadra kuuona, na orodha isemayo "mifumo huria" kisha ikamwacha yataka ibadilishe anwani yake.

Ubuntu ndio wenye haki ya kuitwa maarufu kwa maana zote za neno, na umaarufu wake una jambo la kumfurahisha mwanaisimu. Jina lake ni la Kibantu, na msemaji wa Kiswahili hutambua ndani yake *utu*, kwa kiambishi kilekile cha dhahania na mzizi uleule, ijapokuwa Kiswahili kimedondosha nazali ya *-ntu*. Lakini jina kuwa la nyumbani si dalili kwamba mfumo wasema lugha ya nyumbani.

Hapo ndipo habari ya Kilinux iingiapo. Kazi hiyo ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi, na wanaisimu wa taasisi ya Kiswahili ya chuo hicho wakishiriki. Ikatunga istilahi kwa mamia, na mwezi Desemba 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu ambayo orodha zake za maagizo zilisomeka kwa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilishughulika na tafsiri ya Kiswahili ya bidhaa zake. Wengi waliiona Kilinux kuwa ushindani wa mfumo na mfumo, na jina lenyewe liliwashawishi, maana *ki-* ya lugha imepachikwa juu ya Linux. Lakini tunda lake la kwanza halikuwa mfumo endeshi hata kidogo. OpenOffice hukaa juu ya Linux na juu ya Windows vilevile. Kwa busara au kwa bahati, wafasiri hawakuifunga kazi yao katika mkusanyo mmoja, na mtu wa Windows aliweza kuandika barua kwa Kiswahili sawa na mtu wa Linux.

Faida ya uchaguzi huo ilionekana baadaye. Mwaka 2010 wengi wa watengenezaji wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, nao wakachukua msimbo pamoja na tafsiri zilizokuwamo. Kiswahili cha Tanzania kikaendelea kuwamo katika lugha za LibreOffice. Kama tafsiri ile ingalipachikwa katika toleo la mkusanyo mmoja uliokuwa ukivuma mwaka 2004, ingalizikwa pamoja na toleo hilo, kwa maana toleo la mkusanyo aghalabu hudumu miaka michache tu kabla ya kuachwa.

Haifai kuficha upande wenye upungufu. Mfumo wenyewe, yaani madirisha, maonyo na maelezo ya kuutia katika mashine, haukupata mlezi wa kudumu kwa Kiswahili kama iliyopata programu ya kuandikia. Istilahi nazo hazikupatana: *kompyuta* imeishinda *ngamizi* kabisa, na *tarakilishi* hukaa zaidi Kenya; *nywila* yagombana na *neno la siri* hadi leo. Mwanafunzi wa Mtua akutanaye na maneno mawili ya kitu kimoja katika madirisha mawili ya kompyuta moja hatauliza ni mfumo upi ulio maarufu. Atarudi kwa Kiingereza.

Kwa hiyo wanaopanga kazi mpya ya tafsiri wasianze na orodha za kila mwaka, bali na shina. Neno likitiwa katika programu ya asili ambayo Debian na Fedora huichukua, litafika Ubuntu, na kutoka Ubuntu litafika Mint, pasipo mfasiri kuandika barua ya pili. Likitiwa katika Mint peke yake, litakaa Mint. Na BAKITA, ambayo tangu 1967 ndiyo yenye mamlaka ya kusanifisha, ingeweza kuanza na maneno machache tu ya mfumo endeshi ambayo mtumiaji huyaona kila awashapo mashine: kuingia, kutoka, kuhifadhi, kufuta, kuzima, na hilo la *nywila*.