"Upimaji Endelevu": Istilahi Moja, Dhana Mbili

Katika maandishi ya elimu, istilahi "upimaji endelevu" hubebeshwa dhana mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kukusanya alama za mwanafunzi ili ziingie katika matokeo yake ya mwisho, utaratibu ulioanza Tanzania mwaka 1976, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Ya pili ni ile aliyoibainisha Michael Scriven mwaka 1967, alipojadili tathmini ya mitaala: kupima kazi ingali ikiendelea ili irekebishwe.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameandika 42 – 17 = 35. Kwa dhana ya kwanza, mwalimu huandika sifuri, basi. Kwa dhana ya pili, humwuliza alivyofikiri, akagundua kwamba mtoto hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu, akamfundisha upya kukopa.

"Endelevu" hutaja muda, haitaji kusudi. Tunapendekeza dhana ya pili iitwe "upimaji jenzi", na "endelevu" ibakie kwa ya kwanza. Istilahi zisipotenganishwa, mwalimu atajaza daftari la alama akidhani amefundisha.